Karatasi ya Mama Wavinya

Kweyu hakuwahi kujigamba kuwa ana kisomo. Aliachia darasa la sita kule Webuye, akaja Nairobi na mkono mzuri wa kuchora, na mkono huo umemlisha hapa Baba Dogo miaka kumi na tisa. Kinyozi, bucha, hoteli, makanisa matatu yasiyosalimiana: mabango yao yote ni kazi yake. Herufi zake hunyooka hadi mtu akatamani kuzigusa. Maneno yenyewe, hayo yalikuwa ya mteja.

Ndiyo ilikuwa sheria yake. Mteja anaandika maneno yake kwenye karatasi kwa mkono wake mwenyewe, anatia sahihi, Kweyu ananakili. Karatasi inaingia kwenye mkebe wa biskuti chini ya benchi. Mteja akirudi na kelele kwamba kumekosewa, mkebe unafunguliwa. "Huu ni mwandiko wa nani?" Kweyu huuliza, na mteja hunywea. Miaka ikapita, mkebe haujamwangusha hata siku moja, naye taratibu akaanza kujiona mtu wa Kiingereza, kama dobi anayezoea nguo za watu hadi akadhani ni zake. Hapo ndipo alipoharibu.

Januari alikuja Nthambi, ambaye mtaa mzima humwita Mama Wavinya kwa jina la bintiye. Alikuwa ameuza mboga sokoni Muthurwa miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa amepata kibanda karibu na shule ya msingi, auze madaftari, kalamu na rula. Akaandika kwenye karatasi, herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo: WAVINYA STATIONERY. Akatia sahihi, akaondoka akitabasamu.

Kweyu akaitazama ile E akacheka kimoyomoyo. Neno hilo alikuwa amelichora Ziwani mara mbili na Muthurwa mara tatu, kila mara kwa A, STATIONARY, kama walivyomwandikia wenyewe, na hakuna aliyewahi kulalamika. Huyu mama wa mboga ndiye amfundishe? Akamsahihisha bila kumwuliza.

Bango lilikaa siku nne. Siku ya tano shule zikafunguliwa, wazazi wakajaa pale dukani, na Mwalimu Mutie akasimama mbele ya kaunta akiwa ameinua kichwa.

"Mama Wavinya, hii imeandikwa vibaya. Hii ya A ni kitu imesimama, haisongi. Ya madaftari iko na E."

"Kwani duka imekwama?" akadakia mzazi mmoja, na kicheko kikazagaa hadi barabarani.

Kweyu alikuwa ng'ambo tu ya njia, anapaka ukuta wa kinyozi. Nthambi akamgeukia. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeomba kushikwa mkono.

"Fundi, kwani niliandika aje?"

Angeweza kusema. Maneno matatu yangetosha. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na mdomo ukamtangulia.

"Si nilifuata vile uliniandikia, mama?"

Sheria yake ilijulikana na kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyedai kuiona karatasi. Nthambi akainamisha macho. "Basi ni mimi. Shule yangu ilikuwa kidogo," akasema, akaendelea kuhesabu kalamu.

Jioni hiyo Kweyu alifungua mkebe, akaiona E imekaa pale pale alipoiacha. Uso ulimwaka moto ingawa alikuwa peke yake. Akaisukuma karatasi hadi chini kabisa, akafunga.

Watoto wakalibatiza duka Imekwama. Mbaya zaidi, Nthambi aliacha kuandika. Orodha ya bidhaa, jina la mtoto juu ya daftari, hata kikaratasi cha "narudi sasa hivi" cha kubandika mlangoni, yote alimwachia jirani yake Triza. Kweyu aliyaona haya kila siku. Siku moja alijikakamua akaenda kumwambia atalichora upya lile bango bure. Nthambi akamshukuru, tena kwa moyo wote.

"Mungu akubariki, Fundi. Lakini wacha tu. Hata ukirekebisha, wameshanijua."

Kweyu akaondoka na ile baraka kama deni.

Kisha Jumapili moja ya Machi, kanisani alikosali Kweyu pia, akina mama walikuwa wanachagua katibu wao mbele ya waumini wote, na jina la Nthambi likatajwa kabla ya mengine. Aliinuka. Kwa jinsi alivyoushika mkoba wake ilionekana wazi kwamba alikitaka cheo kile.

"Asanteni sana. Lakini kuandika sijui. Hata Fundi Kweyu ni shahidi yangu."

Kanisa likacheka, kicheko cha upendo, na nyuso zikamgeukia Kweyu. Naye, mwanamume mzima, akakagua kamba za viatu vyake hadi Triza akachaguliwa.

Jumatatu asubuhi aliubeba mkebe wote, akaenda dukani, akaichomoa karatasi na kuiweka kwenye kaunta. Nthambi aliisoma polepole, kidole kikitambaa chini ya neno.

"Huu ni mkono wangu."

"Ni wako, mama. Uliandika sawa. Ni mimi nilibadilisha."

"Ukajua lini?"

"Siku ile ile ya Mwalimu Mutie."

Alingoja atukanwe. Matusi yangekuwa nafuu. Nthambi aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Nilimwambia Wavinya asiniletee tena kazi ya shule," akasema. "Nilimwambia aende kwa Triza, mimi nitampoteza. Sasa hata haniulizi."

Kweyu akaufunga mkebe.

"Nitaenda kuwaambia," akasema hatimaye.

"Pale pale niliposimama mimi," Nthambi akamjibu.

Jumapili iliyofuata alisimama pale pale kanisani, akasema kwamba mama huyu aliandika sawa, na yeye aliharibu kisha akamsingizia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Triza alibaki katibu, maana uchaguzi ulikuwa umepita, na kwa siku mbili tatu hakuna aliyeleta kazi ya bango.

Jumanne Nthambi alimwita dukani. Wavinya alikuwa amekaa mlangoni na sare yake ya shule. Kweyu alikuja na rangi na brashi, tayari kufuta. Lakini Nthambi alikuwa ameshapanda kwenye stuli, chaki mkononi. Akaikata ile A, akaandika E juu yake, kubwa, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Akashuka, akamwachia stuli.

"Sasa fuata," akasema.

Kweyu akapanda. Wavinya alikuwa anatazama, kwa hiyo alienda taratibu, asitoke nje ya chaki ya mama yake hata kidogo.