Siku Simu ya Babu Iliposoma Siri Zangu

Sijui kama niandike au niache, maana kila nikikumbuka masikio yanapata moto, lakini nimeshafungua daftari (la karatasi, na mbele mtaelewa kwa nini la karatasi), kwa hiyo acha niseme tu: mbele ya ukoo mzima, mimi ambaye hata darasani nikijua jibu ninanyamaza, nilitangaza kwenye maikrofoni kwamba Babu yuko kwenye pipa la takataka.

Nianze na simu yenyewe. Ilikuwa ya Babu. Alikuwa anakamua mawese njia ya Kigwena, na simu yake ilinukia mawese, kioo kina alama ya kidole gumba ambayo hata ukiifuta namna gani unahisi bado ipo, na aliigusa kama mtu anayepiga muhuri, kwa nguvu, halafu anasubiri. Siku moja baada ya shule nilimfundisha kurekodi sauti. Yeye akafikiri anapigia mtu. Akasogeza mdomo, akasema "Amahoro!", salamu yetu ya amani, akanyamaza akingoja kujibiwa, mimi nimejiziba mdomo kwa kitenge nisicheke. Rekodi hiyo ikabaki, nusu dakika hivi. Miezi michache baadaye Babu akafariki. Picha zake nyingi zilipotelea Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, kabla yeye na Bibi hawajarudi nyumbani, na sauti yake ilibaki hiyo moja tu.

Simu ikawa ya Bibi, lakini Bibi hasomi na macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo kusema kweli nusu ilikuwa yangu, na mimi nikawa ninaandika humo mambo yangu ya kila siku, nikijiambia, nani atasoma, Bibi?

Mwaka ukaisha, siku ya kuganduka ikafika. Kwetu ndiyo siku ya kuvua msiba: ukoo unakutana, watu wanakunywa, wanamzungumzia marehemu, na mkubwa wa familia akishasema neno la mwisho, basi, kulia kumekwisha. Bibi alitaka kitu kimoja tu, kwamba kabla ya neno hilo watu wamsikie Babu.

"Utaweka weye, mujukuu wangu," akaniambia. "Unasimama pale mbele, unaweka."

Kusimama mbele! Nilikuwa nimesoma kwenye ukurasa mmoja wa mbinu za simu kwamba ndani ya simu kuna msaada wa wasioona: ukiuwasha, simu inasoma kwa sauti kila unachogusa, ukigusa mara moja inataja jina, ukigusa mara mbili inafungua. Nikasema, ahaa, Bibi ataweka mwenyewe, mimi nitakaa nyuma na masufuria. Uamuzi mdogo hivyo.

Nikawasha, nikamfundisha siku mbili. Simu ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo sauti ilikuwa ya mwanamke wa Kifaransa, na akifika kwenye maneno yetu anayasoma kama padri mzungu aliyeshuka jana, kila u inatoka na midomo iliyobanwa kana kwamba anapuliza chai. Bibi alimpenda.

"Huyu madamu iko na adabu," akasema. "Anataja jina kabla ya kuingia."

Alama ya rekodi nikaiweka ukurasa wa kwanza, peke yake. Karibu peke yake. Chini yake palikuwa na alama ya maandishi yangu.

Siku yenyewe shitingi, lile turubai la plastiki, ilifungwa uani, upepo wa ziwa unaipigapiga, watu wamejaa mpaka barabarani. Maikrofoni alikuwa nayo Baba mkubwa Zakaria, mtoto wa kwanza wa Bibi, na mstari wa mbele alikaa Shangazi Odeta, dada yake. Bibi akasimama, akasogeza simu kwenye maikrofoni, kidole kinapapasa kioo. Kikateleza chini kidogo. Madamu akataja jina kwa adabu zake, Bibi akaitikia kwa kichwa, akagusa mara mbili.

"Leo Shangazi Odeta amekuja kulia," madamu akaanza. "Amelia kwa sauti kubwa, machozi sikuona. Alikuwa anachungulia sahani."

Mimi jikoni nikadondosha mwiko.

"Hotuba ya Baba mkubwa Zakaria ni ndefu kama barabara ya Nyanza-Lac, na mashimo ni yale yale."

Hapo mtu mmoja akapaliwa na Fanta.

"Aristide amenisalimia mlangoni mwa shule. Nimemjibu asante. Mungu wangu, kwa nini nimemjibu asante."

(Aristide hakuwepo, Mungu ana huruma. Mama yake alikuwepo.)

"Nani ameleta huyu muzungu hapa?" Baba mkubwa akauliza. "Muzime!"

"Acha isome!" Shangazi Odeta akasema, mikono kiunoni. "Isome yote! Leo nimejua ninalisha nani."

Na Bibi, masikini, anaibembeleza simu: "Madamu, nyamaza kidogo, tunamutafuta muzee."

Nikakimbia na mikono yangu ya vitunguu, nikainyakua. Sasa, kumnyamazisha madamu ni rahisi (ninawapa bure): unabana vitufe viwili vya sauti pamoja, unahesabu mpaka tatu. Lakini aibu haina kumbukumbu. Mimi nikagonga kioo ovyo, simu ikaruka huku na huku, ikaingia kwenye rekodi, kidole kikaganda juu ya rekodi ya Babu, na madamu akasema taratibu, "Supprimer." Nikagusa mara mbili. Nilitaka anyamaze tu.

"Supprimé," akasema. Akanyamaza.

Neno hilo hata aliyeishia darasa la pili analijua: imefutwa.

"Anasema nini?" Bibi akauliza. "Anasema nini?"

Baba mkubwa akashika maikrofoni, sauti yake chini: "Basi. Ni mapenzi ya Mungu. Tufunge." Akavuta pumzi ya lile neno la mwisho, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba kitu kikifutwa kwenye simu ile hakiondoki palepale, kinatupwa kwanza kwenye corbeille, yaani pipa la takataka la simu, kinakaa siku nyingi. Nikamnyang'anya maikrofoni. Baba mkubwa! Mimi!

"Musifunge!" nikapiga kelele. "Babu iko ku pipa ya takataka!"

Sitaki kueleza kicheko kile. Nikabana vitufe viwili, moja, mbili, tatu, madamu akazima. Nikafungua corbeille, nikamwona pale, jina lake na nusu dakika yake. Nikamrudisha. Nikagusa.

"Amahoro!" Babu akasema, kwenye spika, uani kwake.

Halafu kimya chake, kile cha kungoja. Nilikuwa nimekisikiliza mara mia, na siku zote kilikuwa kimya tu. Siku hiyo Bibi akainama kwenye maikrofoni.

"Amahoro, muzee wangu."

Na Babu, kama aliyekuwa anangoja hilo, akasema, "Mama Zaka, chai iko wapi?"

"Imepoa," Bibi akamjibu. "Umekawia."

Baba mkubwa alisema neno lake la mwisho kwa shida, na ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Basi, nimeapa: nikiogopa kusimama mbele nitasimama nikiogopa hivyo hivyo, sitamtuma bibi wa watu, kitu cha pekee nitakinakili kwenye simu tatu kabla ya kugusa chochote, na siri zangu ni kwenye karatasi, chini ya godoro. Sokoni Shangazi Odeta ananiita mpaka leo, "Weye Takataka, Babu hajambo?" na watu wanageuka. Lakini wiki ile ile alikuja peke yake, akaomba nimtumie rekodi. Akaiweka sikioni, akanipa mgongo, na safari hii machozi niliyaona.

Sikuandika popote. Ila hapa, na karatasi haina madamu.