Viti Vinne vya Shangazi

Ukimkaribisha Shangazi yangu nyumbani kwako, usishangae akisita kuketi. Kwanza atainama aliminye kochi lako kwa kidole gumba, pembeni na katikati, asikilize sponji inavyopumua, ndipo akae. Akikaa kimya, jua kochi lako ni zima. Akisema "Hee," anza kutafuta hela.

Hiyo ndiyo kazi yake. Anafumua makochi na viti vilivyochoka, anabadilisha sponji na mikanda, anavalisha kitambaa kipya. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Mlangoni kumejaa mifupa ya makochi yaliyovuliwa nguo, na ndani yumo yeye, amepiga magoti kutwa nzima, misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi. Ndiyo maana miguu yake huvimba jioni, na ndiyo maana mtu wa kwetu akimwona Shangazi amesimama hukimbilia kumletea kiti. Mimi ni mtoto wa mdogo wake na nimefanya kazi kwake tangu nimalize shule, kwa hiyo ninayoyasema sikusimuliwa na majirani.

Kwao walizaliwa watatu. Shangazi ndiye wa kwanza, anafuata baba yangu, na wa mwisho ni Baba Mdogo, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda mpaka akaota mvi. Bibi alifariki Kitinda akiwa hajaota hata jino moja. Shangazi, naye msichana tu, akamfunga mgongoni na hakumteremsha mpaka mtoto alipokataa mwenyewe. Kitinda alikuja kuwa fundi umeme, akapata kazi nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha saruji katika mji wa pembezoni kabisa. Kila Jumapili alipiga simu kumuuliza Shangazi amekula nini, kisha wakabishana kuhusu jibu. Kwa ubishi, wale wawili walikuwa kitu kimoja.

Halafu Jumapili moja simu ikapigwa na muuguzi aliyejua Kiswahili. Kitinda alikuwa amelazwa, kuna uvimbe umeziba utumbo, daktari anataka kumpasua na mgonjwa hataki kutia saini. Si kwamba aliogopa kisu. Alisema hataingia chumba kile mpaka amwone dada yake. Daktari alimbembeleza, akamkaripia, akamwambia kila siku anayongoja anajichimbia kaburi. Kitinda akageukia ukutani.

"Mwekee simu sikioni nimtukane," Shangazi alimwambia muuguzi. Akamtukana kweli, kwa matusi ya kidada, huku machozi yanamtiririka. Kitinda alimjibu kwa sauti ndogo, "Njoo tu, Dada. Nikikuona natia saini."

Pasipoti alikuwa nayo kwa sababu aliwahi kusafiri kununua vitambaa. Ukoo ukachanga, tiketi ya ndege kubwa ikapatikana hadi mji mkuu wa nchi ile. Kutoka hapo hadi mji wa kiwanda ni safari ya basi ya usiku na mchana, au ndege ndogo ya ndani isiyochukua hata saa mbili. Tulitaka kumkatia na hiyo ya ndani kabisa, lakini Kitinda mwenyewe akatuzuia. Alisema msihangaike, akishuka tu atakata pale pale dirishani, ndege za ndani huku ni kama basi. Ilikuwa kweli enzi zake za kusafiri. Alikuwa hajapanda ndege siku nyingi.

Shangazi alitua asubuhi. Daktari alikuwa ameshasema mwisho ni jioni ile, akichelewa zaidi ya hapo hataki kulaumiwa. Ndege ya ndani ilikuwa moja tu, ya alasiri. Kwa hiyo hakukuwa na haraka ya kutisha, Shangazi alikuwa na muda wa kunywa hata chai. Akaburuta begi lake hadi upande wa safari za ndani, akatafuta dirisha la tiketi, akalikuta limefungwa kwa pazia la chuma lililoota vumbi. Pembeni kulikuwa na kaunta ya kupokea mizigo, na binti mmoja nadhifu, kitambaa shingoni.

Kiingereza cha Shangazi ni cha kununulia vitambaa. Anajua kuuliza bei, anajua kusema ghali, anajua kusema naondoka. Hata hivyo walielewana. Binti alimwambia tiketi haziuzwi tena pale, siku hizi ni kwenye simu tu. Akamsaidia hadi mwisho, nampa haki yake. Simu ikakubali jina, ikakubali pasipoti, ikakubali kadi, halafu ikasema anayenunua akiwa humo nchini hutumiwa namba ya siri kwenye laini ya nchi ile tu. Laini ya nchi ile Shangazi hakuwa nayo. Muuza laini akamwambia mgeni akisajiliwa leo, laini inafunguka kesho.

Ndipo aliposhika simu akaongea kwenye kundi la ukoo. Sauti yake ninayo mpaka leo.

"Jamani, mimi nimefika salama, lakini nimekwama. Hapa hawauzi tiketi kwa mkono. Nani ananikatia hiyo ya alasiri? Picha ya pasipoti si mnayo humo? Fanyeni haraka, wanangu, Kitinda ananingoja."

Nilikuwa karakana, nashona foronya za mito ya mteja. Kundi likalipuka. Kwa kawaida ukiomba kitu kwenye kundi letu unaambulia dole gumba na watu wanakutumia maombi. Siku ile, kila mtu alikuwa mwanamume. Kila aliyekuwa na kadi ya benki aliinuka alipokaa. Mimi sikukata tiketi, na si kwa busara, ni kwa sababu salio langu lisingenunua hata nyuzi.

Wa kwanza kurusha picha ya tiketi alikuwa binti wa Shangazi, aliyekuwa kazini kwake. "Tayari, Mama!" Kabla hatujamaliza kumpigia makofi, mumewe naye, kutoka kazini kwake upande wa pili wa mji, akarusha ya kwake. "Mkwe hawezi kulala njaa ugenini mimi nipo." Akafuata binamu yetu anayefanya kazi benki, aliyerusha tiketi tu kama mtu anayelipa mezani bila kutazama bili. Mwisho kabisa baba yangu, ambaye kulipa kwa simu hajui, alikuwa amekwenda kwa kijana wa duka la simu akakatiwa. Akapiga picha kioo cha simu ya yule kijana, na kidole chake kikatokea humo.

Tiketi nne. Ndege moja, siku moja, jina moja, pasipoti moja.

Shangazi alicheka. Alituma sauti nyingine, na nyuma yake mizigo ilisikika ikiburutwa. "Nyie watoto nyie! Sasa nitajilaza kwenye viti vinne kama niko kwenye kochi langu." Nasi tukacheka. Tangu muuguzi apige simu hatukuwa tumecheka.

Kisha binti yake akaandika kwamba tatu zifutwe. Ni sawa, wote wakakubali, zifutwe. Sasa zipi? Binti akasema ya kwake ndiyo ya kwanza, wengine wafute. Mumewe akasema ya kwake ina mzigo mkubwa ndani yake. Binamu wa benki akasema ya kwake haifutiki, ndivyo alivyonunua. Baba akatuma sauti ndefu kwamba yeye ndiye mwenye dada, na hakuna mtoto wa kumfutia mwenye dada. Walibishana kwa adabu, kila mmoja akimwomba mwenzake apumzike. Hakuna aliyetaka tiketi iliyompeleka Shangazi kwa Kitinda iwe ya mwingine. Nawajua watu wa kwetu. Ulikuwa upendo, na ndani yake kijiko kimoja cha sifa.

Wakati wanabishana, mashine ya shirika lile ilikuwa inafanya kazi yake. Iliona jina moja limekalia viti vinne, ikaamua ni mchezo wa watu wanaoshikilia viti, ikafuta vyote vinne. Haikumpigia mtu simu wala haikuuliza kitu. Na ikafuta muda mfupi tu kabla ya mauzo ya ndege ile kufungwa, hivi kwamba barua za kufutwa zilipoingia kwenye simu za watu, kila aliyejaribu kukata upya alikuta ukurasa hauna tena ile ndege.

Shangazi hakuyajua hayo. Alikuwa kwenye foleni, pasipoti mkononi. Alipofika kaunta, yule binti akamtabasamia, akabonyeza, akaacha kutabasamu.

"Mama, jina lako halipo."

"Lipo mara nne," Shangazi akasema, akamwonyesha vidole.

"Lilikuwepo mara nne. Mfumo umefuta."

"Basi nirudishie moja. Hizo tatu siwadai."

"Siwezi. Mauzo yamefungwa. Mimi naona tu, sina pa kubonyeza."

Shangazi akamuuliza ndege imejaa? Binti akatazama kioo chake kwa muda mrefu. Nadhani alifikiria kudanganya, na laiti angedanganya. "Haijajaa. Kuna viti."

"Vingapi?"

"Vinne, Mama."

Akamsihi. Akamweleza habari za Kitinda kwa kile Kiingereza cha vitambaa, akionyesha tumbo lake, akionyesha mgongo aliombebea. Binti akamwita mkuu wake, mkuu akaja, akasikiliza kwa heshima zote, akabonyeza yeye pia, akasema pole, mfumo hauruhusu, kuna ya kesho mchana. Shangazi anasema wangemfokea ingekuwa nafuu. Mtu akikufokea unapata pa kushika. Hawa walimpa maji ya kunywa.

Huku nyumbani tulikuwa tumepagawa. Binamu alipiga namba ya shirika lile, ikamwimbia muziki. Mkwe wa Shangazi alipiga, ikamwimbia muziki ule ule. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana, ameshika tama, simu yake imelala magotini kama kitu kilichokufa. Niliwatukana wote kimoyomoyo, halafu nikaona nani wa kumtukana? Yule aliyemkatia dada yake tiketi?

Ndege iliondoka. Shangazi aliiona kupitia kioo, ndogo, nyeupe, ikikimbia na viti vyake vinne vitupu. Hakulia. Aliketi kwenye begi lake kwa sababu miguu ilikuwa imeshavimba, na viti vyote vya kungojea vilikuwa ng'ambo ya mlango wa wenye tiketi.

Simu ililia wakati watu wa alasiri wameshatawanyika na mfagiaji anapita na ufagio wake mpana. Alikuwa muuguzi. Ndege si imeshatua? Mgonjwa anauliza. Daktari amevaa, chumba kiko tayari, tumbo limekuwa gumu, na bado hataki kutia saini.

"Nipe niongee naye," Shangazi akasema.

Kitinda alipumua kwanza, ndipo akaongea. "Dada. Umefika?"

Shangazi akamtazama mfagiaji. Akatazama kaunta iliyozimwa taa. "Nimefika," akasema.

"Mbona sikuoni?"

"Wamenizuia mlangoni. Wanasema umeshasafishwa, nitakuletea vijidudu vya safari. Niko hapa nje, kwenye korido."

"Hapa nje?"

"Hapa hapa. Tia saini, wewe mtoto, nisikuchape. Ukitoka nakuona."

Akakohoa kidogo, Shangazi anasema ni kama alicheka. "Haya, Dada," akasema, na muuguzi akachukua simu kusema ametia.

Shangazi alipanda basi jioni ile. Simu ilimkuta njiani asubuhi, basi limesimama watu wanyooshe miguu. Kitinda alikuwa hajaamka, na hangeamka tena. Daktari alisema mgonjwa alicheleweshwa. Hakusema na nani.

Alifika hospitali siku hiyo hiyo jioni, vumbi hadi kwenye kope. Yule muuguzi wa simu alimpokea, mwanamke wa makamo, akamshika mkono, wakapita korido ndefu yenye rangi ya kijani nusu ukuta. Karibu na mlango wa chumba cha upasuaji kulikuwa na kiti kimoja peke yake, cha mbao, kimevalishwa ngozi nyekundu ya bandia iliyopasuka, sponji inachungulia. Muuguzi akasimama pale.

"Tulipokuwa tunamwingiza," akasema, "alituagiza. Dada yangu yuko hapo nje, mpeni kiti, miguu inamsumbua. Hakutulia mpaka niliposema nakwenda. Nikatoka na kiti hiki, nikatazama huku na huku, sikumwona mtu. Nikakiacha hapa. Sikupenda kukirudisha."

Shangazi alikitazama kiti kile. Kisha akakaa, bila kukiminya.