Alama Kwenye Kidari cha Kuku

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, mkubwa wangu hakunipa kiti. Alinipa kopo la maharagwe. Lilikuwa limevimba huku na huku kama shavu la mtu anayeumwa jino, naye akaliweka mkononi mwangu polepole. "Kagendo," akasema, "hilo usilifungue, usilinuse, usilionje. Limeshasema lote lililo ndani yake." Huyo alikuwa Afisa Mkuu wa Afya ya Umma, Mtaita mrefu, mpole mpaka umguse kwenye kazi. Nilishinda na kopo lile mezani kwangu nikiliogopa, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Koti jeupe nililopewa lilishonewa mwanamume. Kule Garissa mkaguzi wa afya huitwa Bwana Afya, na jina hilo halikubadilika eti kwa sababu aliyeletwa kutoka Meru ni mwanamke. Mpaka nastaafu, wenye maduka waliniita Bwana Afya huku sketi yangu wakiiona.

Ninyi mnaoanza sasa mna vipimajoto vinavyoelekezwa tu kwenye nyama na kusoma. Ni vizuri, vitumieni. Lakini sisi tulifundishwa kwanza kuingia supamaketi kama mnunuzi mchoyo. Unaminya pakiti ya maziwa kuona kama imejaa hewa. Unapitisha ukucha kwenye tarehe ya mwisho wa kutumika, maana kuna watu hubandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Unaingiza mkono nyuma ya rafu, kwa kuwa mwenye duka mwaminifu huweka mzigo wa zamani mbele ili utoke kwanza, na mjanja huuacha nyuma usahaulike. Na ukinunua vya kwenu, anza na unga na sabuni. Nyama ichukue mwisho, ukielekea kulipa. Jua la Garissa halikungojei ufike nyumbani.

Kuna kitu tunakiita mnyororo wa baridi. Maana yake ni kwamba kuku akishagandishwa, baridi isimwache kuanzia machinjioni hadi jikoni kwako. Pete moja ya mnyororo ikikatika, zilizobaki ni mapambo. Ubaya wa kuku aliyeyeyuka kisha akagandishwa tena ni kwamba kwa macho anapendeza kama mwenzake.

Baadaye nilipelekwa Banissa. Kule hapakuwa na supamaketi, palikuwa na vioski na akina mama wa maziwa ya ngamia waliofukiza vibuyu vyao kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Afisa wa Afya wa Kaunti Ndogo, aliyekuwa mkubwa wangu kule, alizoea kuniona narudi nimekasirika, nimegombana na muuzaji huyu na yule. Akaniambia, "Huku mwizi ni joto, Kagendo. Mtafute yeye kwanza kabla hujamtafuta binadamu." Niliitikia kwa adabu tu, kama unavyomwitikia mkubwa. Nilikuja kumwelewa nikiwa Garissa, niliporudishwa kusimamia ukaguzi wa vyakula mjini.

Ilikuwa Ramadhani. Karibu na mtaa wa Galbet palikuwa na supamaketi ya Hajji Dahir, na mimi mwenyewe nilinunua hapo. Mafriza yake yalikuwa safi, na stima ilipopotea jenereta yake iliwaka kabla hujamaliza kulalamika. Mwezi huo alikuwa ameweka nadhiri ya kuwafuturisha watoto wa madrasa moja ya Galbet kwa pilau ya kuku. Zaidi ya hayo alikuwa na wema mwingine. Majirani wasio na friji, wengi wao wajane, walikuwa wakileta maji yao kwenye mifuko ya nailoni, akawagandishia bure, nao wakayauza jioni kwa watu wanaotafuta maji baridi ya kufuturia. Alisema ni thawabu. Mmoja wao aliitwa Halima, mjane aliyelea wajukuu kwa barafu hiyo.

Niliingia alasiri moja, duka limejaa watu wa kununua tende na sambusa. Nilipima friza ya kuku, na kipimajoto kikasoma baridi inayotakiwa. Ningeweza kutia sahihi nikaondoka. Ila juu ya kuku palikuwa na mifuko ya barafu mpaka kifuniko kinakataa kukaa, nikaisogeza nimguse kuku wa chini. Kidole gumba kikazama kwenye kishimo. Nikamtoa. Kwenye kidari palikuwa na alama ya fundo la mfuko wa nailoni, imejichapa hata mikunjo yake inaonekana, na imeganda hivyo hivyo. Pembeni mwa pakiti palikuwa na barafu nyekundu.

Nyama iliyoganda haichapiki. Ili fundo lile liache alama, lazima kuku yule awe alilainika, akalaliwa na mfuko, kisha akagandishwa upya. Nilitoa mwingine, na mwingine. Wote walikuwa na alama.

"Hajji," nikamwita, "wengine wa mzigo huu wako wapi?"

"Wa watoto? Nimetuma madrasa tangu adhuhuri. Saa hii iko kwa sufuria."

Nilimwambia wasiliwe. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni wake. "Bwana Afya, hii kuku natoka Nairobi na gari ya baridi. Friza yangu haijazimwa hata dakika, wallahi. Uliza mtu yeyote."

Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Friza haikuzimwa, jenereta ilifanya kazi, mtu ni mwaminifu, na kuku ameyeyuka. Nilianza kutafuta mwongo pale dukani, nikiwaangalia wafanyakazi mmoja mmoja. Hapo ndipo Halima alipoingia na mzigo wake wa pili wa siku hiyo, akaanza kuipanga mifuko juu ya kuku. Nikamshika mkono nikachukua mmoja. Maji yalikuwa ya moto. Sisemi vuguvugu. Yalikuwa yametoka kwenye mtungi wa plastiki ulioshinda juani, ya moto kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Mwizi ni joto. Liliingia mlangoni kila siku, asubuhi na mchana, limebebwa na wajane, na mwenye duka akalifungulia friza kwa mikono miwili kwa ajili ya Mungu. Maji yaliganda kwa kuwanyang'anya kuku baridi yao. Kufikia magharibi mifuko ya asubuhi ilikuwa migumu, na usiku kuku nao waligandishwa tena, mpaka kesho yake.

Nilimpigia simu Afisa Mkuu. Sasa alikuwa mwingine, kijana msomi aliyependa mambo yaende kimya.

"Una majibu ya maabara?" akauliza.

"Sina. Majibu yatakuja watoto wameshakula."

"Kwa hiyo utaizuia futari ya madrasa kwa sababu ya alama."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Basi jina litakalotajwa ni lako, Kagendo. Mimi sipo."

Nilichukua sampuli, nikachukua na dumu dogo la mafuta ya taa kutoka garini. Chakula kisichofaa hatukitupi hivi hivi, maana kuna wenye njaa watakaokiokota. Tunakimwagia mafuta ya taa kwanza ndipo tunakizika. Gari la ofisi lilikuwa limeishiwa petroli hapo hapo dukani, kama kawaida yake, tukapanda tuk-tuk sisi watatu, mimi, Hajji na Halima. Halima alikuwa na wajukuu katika madrasa ile. Alishika ncha ya mtandio wake mdomoni njia nzima. Hajji hakunitazama.

Harufu ya pilau ilitupokea kabla ya watu. Masufuria mawili makubwa yalikuwa motoni uani, na watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka mbele ya sinia tupu, wale wadogo wamelala ubavu kwa njaa. Magharibi ilikuwa karibu. Maalim, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, ndiye aliyekuwa akisimamia upishi.

"Kuna aliyeonja?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

"Ramadhani, dada, nani ataonja?"

Nilimshukuru Mungu kwa saumu yao. Kisha nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaonyesha moto kwa mwiko. "Hii nabikwa tangu alasiri. Kitu gani itabaki hai humo ndani?"

"Moto unaua vijidudu, Maalim. Lakini nyama ikilainika na kugandishwa mara nyingi, vinaacha sumu ndani yake, na sumu hiyo unaweza kuichemsha mpaka kesho isitoke. Watoto hawa matumbo ni matupu. Itawashika vibaya."

Wazazi walikuwa wamekuja kusaidia kupakua, na maneno yakaanza kupita. Mwanamume mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Yeye hafungi. Hapa watoto yetu wakilala njaa, yeye atakula kwake." Mwingine akauliza tangu lini mtu wa Meru anaamua futari ya Galbet. Wakasogea, wakawa kati yangu na masufuria. Sheria ilikuwa upande wangu, naijua kifungu kwa kifungu, lakini sheria haina mabega. Nilikuwa naogopa, na niliogopa zaidi kwamba labda nimekosea, kwamba nitamwaga chakula kizuri mbele ya watoto wenye njaa na sitaweza tena kuonyesha uso katika mji huu.

Halima ndiye aliyepita katikati yao. Alisema kwa Kisomali, nami kwa miaka niliyokaa nilimwelewa. Alisema maji ya moto ni yake, aliyatia kwa mkono wake, na wajukuu wake hawali nyama ile. Akawainua kutoka mkekani, mmoja baada ya mwingine.

Maalim akamgeukia Hajji Dahir. "Hajji, sadaka ni yako. Sema wewe."

Hajji aliwatazama watoto, akatazama sufuria. Kisha akaja kwangu, akalichukua dumu la mafuta ya taa mkononi mwangu, akamwaga mwenyewe. Alimaliza sufuria la kwanza, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kwenye la pili.

"Nilitoa kuku kwa Mungu, nikatoa baridi kwa Mungu," akaniambia polepole. "Thawabu yangu imeenda wapi, walaal?"

Walaal ni ndugu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla; nikageuka nikaomba jembe la kuchimbia shimo.

Adhana ikalia. Watoto walifungua kwa tende, na Halima akakimbilia dukani kwa ile tuk-tuk akarudi na mifuko ya barafu ya akina mama wenzake, nikaisimamia ikioshwa kwa sabuni, wakaipasua yote kwenye ndoo za maji. Kisha milango ya Galbet ikaanza kufunguka. Kila nyumba ilitoa sahani kutoka kwenye chungu chake: chapati za anjera hapa, mchuzi pale, uji, maharagwe. Yule aliyesema sifungi aliniletea kikombe cha chai bila kuniangalia. Nilikipokea bila kumwangalia.

Siku za kungoja maabara zilikuwa mbaya. Naona haya kusema, lakini nilikuwa napiga magoti nikiomba nyama ile iwe imeoza. Majibu yalipokuja, yalisema haifai kuliwa na binadamu. Afisa Mkuu aliyasoma akiwa amesimama. "Ungekosea, ningesema sikujui," akaniambia. Alikuwa mkweli, na tangu siku hiyo tulifanya kazi vizuri.

Nilidhani Hajji atawafukuza wajane. Badala yake alinunua friza nyingine, akaiweka barazani, ya barafu tu. Na wanawake wa Galbet wakachukua tabia ambayo wengi wa wanunuzi wa leo hawajui ilianzia wapi: kabla ya kumtia kuku kikapuni, wanapitisha kidole gumba kwenye kidari wakitafuta alama. Fanyeni hivyo popote mlipo. Tazameni na barafu nyekundu kwenye kona ya pakiti, na pakiti zilizoshikana zikawa kitu kimoja. Mashine itakwambia baridi ya sasa hivi. Haitakwambia habari za jana.

Na ninyi wakaguzi, mkimkuta mwenye duka mbaya, mshikeni. Wapo, nimewashtaki wengi. Ila kazi iliyonichosha ilikuwa kumwambia mtu mwema kwamba wema wake umekaa mahali pasipofaa. Hiyo haifundishwi chuoni, na sijui kama mimi niliifanya vizuri.

Siku niliyoondoka Garissa na mizigo yangu kurudi Meru, nilipita dukani kuaga. Hajji aliniita Bwana Afya mbele ya watu, tukacheka. Halima, ambaye sasa macho yake yalikuwa yamefifia, alifungua ile friza ya barazani kwa kupapasa, akanipa mfuko wa barafu wa njiani, akakataa nimshukuru. Niliuweka magotini. Jua lilipanda, na kabla hatujafika Mwingi ulikuwa umeshakuwa maji. Ndicho kitu pekee kutoka kwenye friza za Hajji nilichowahi kukiacha kiyeyuke nikitazama. Nikaupasua kwa meno, nikanywa yote, na nilipokunywa nilikumbuka swali la Hajji, thawabu yake imeenda wapi. Nilitamani angekuwa karibu nimjibu kwamba imenifikia mimi njiani.