Mbeleko ya Mama Niliyomtandikia Simbilisi

Ndugu wasomaji, nimekosa. Nimemkosea mama yangu mzazi, tena kwa sababu ya mnyama asiyefikia hata ukubwa wa sungura. Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize.

Jina langu sitaandika. Mimi ni Mrangi wa milima ya Kondoa, karani wa ghala la mizigo hapa stesheni ya Dodoma. Nilisoma shule ya serikali, na gari la moshi lilipofika huku nikaletwa kazini. Kwetu wanasema nimepata. Nimepata nini? Chumba kimoja mtaa wa Makole, kitanda cha kamba, na upepo unaopuliza vumbi mchana kutwa.

Makarani wenzangu ni watu wa pwani. Wana mazungumzo yao na utani wao, na wakicheka najua wananicheka mimi mshamba wa bara. Majirani zangu Wagogo ni watu wema, lakini jioni wanaingiza ng'ombe, wanafunga mlango wa tembe na kuongea Kigogo chao. Mimi nafunga mlango wangu nakaa. Jamani, kukaa kimya tangu magharibi mpaka asubuhi ni kazi!

Basi mke wa Bwana Stesheni, bibi wa Kidachi, aliporudi kwao Ujerumani aliniachia simbilisi wake pamoja na kizimba chake. Wengi wenu hamjamwona mnyama huyu. Hana mkia, ana masikio madogo na manyoya laini, chakula chake majani, na akisikia hatua zako anapiga mluzi. Bibi akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuamuru, "Wewe tandika kavu. Tandika safi. Baridi ikimshika, kufa." Akapanda gari akaenda zake.

Nikampa jina, Mwenzangu. Nikitoka kazini, nikigusa tu komeo, ananipigia mluzi. Hakuna mtu Dodoma nzima aliyefurahi kuniona kiasi hicho. Nilimpenda, sioni haya kusema.

Tabu ikawa malazi yake. Kipupwe kiliingia na baridi yake, nikaleta majani makavu kutoka kijiji cha Mkonze, nikayatupa kizimbani vivyo hivyo bila kuyachambua. Yalikuwa na miiba na viroboto. Nikajaribu pumba za uwele, akapiga chafya mpaka macho yakamtoka machozi. Nikaomba maranda kwa seremala wa stesheni, yakaloa siku ile ile yakanuka. Mwisho nikamwaga majivu, kama tunavyofanya nyumbani pale wanapolala watoto wa mbuzi. Majivu yalichanganyika na mkojo, nyayo zake zikawa nyekundu kama zimeungua! Nikamkuta amejikunja pembeni anatetemeka, hata mluzi hana.

Hapo ndipo nilipofungua sanduku langu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mbeleko ya mama. Ile yetu si ya kitambaa. Ni ngozi ya mbuzi, iliyopakwa samli na kusuguliwa kwa mikono mpaka ikawa laini kama sikio la ndama. Mama alibebea humo watoto watano. Wanne amewazika, nimebaki mimi. Siku naondoka kuja Dodoma alinikabidhi akasema, "Ukioa, mpe mkeo. Mpaka siku hiyo isiguse chini." Nyumbani kwetu mbeleko haiwekwi chini wala haikaliwi. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Nilijua!

Nikajiambia, mimi sina mke wala mtoto, ngozi inaliwa na wadudu bure. Nikajiambia ni siku chache tu, baridi ipungue. Nikaikunja mara mbili nikaitandika kizimbani. Mwenzangu akajizika ndani yake akalala, na asubuhi akapiga mluzi. Nilifurahi kama mjinga.

Baridi ilipungua, sikuitoa. Ilikuwa rahisi kuliko kuchambua majani. Akaikojolea, nikaifua, ikakauka na kukakamaa, naye akaanza kuitafuna kingo. Mimi nikaacha kuitazama.

Kisha mama akaja. Alitembea kwa miguu kutoka Kondoa pamoja na wafanyabiashara wa asali na tumbaku, bila kunitumia habari. Nilitoka kazini nikamkuta ameketi mlangoni kwangu, miguu myeupe kwa vumbi.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Kwa Wadachi hakuna ugali?"

Nilicheka! Tangu nifike Dodoma sikuwa nimecheka namna ile. Akaingia, akaketi kitandani, akaanza kunipa habari. Amenipatia mchumba, binti wa jirani yetu, na wazazi wamekubali. Limebaki jambo moja, achukue mbeleko akawaonyeshe kina mama wa upande wa pili, waone mjukuu wao atabebwa na nini.

"Iko wapi, mwanangu?"

Nikasema iko sandukuni. Uongo! Nikasema ufunguo umepotea. Uongo mwingine! Na Mwenzangu, kwa kuisikia sauti yangu, akapiga mluzi kutoka uvunguni.

"Nini hicho?" Mama aliinama kabla sijamzuia, akakivuta kizimba. Aliitambua pale pale, pamoja na madoa na kingo zilizoliwa, maana ina kiraka alichokishona mwenyewe.

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alipitisha kidole juu ya kile kiraka, akauliza taratibu, "Ulikosa majani?"

"Kulikuwa na baridi, mama."

"Nimekuuliza, ulikosa majani?"

"Sikukosa."

Nikapiga magoti niitoe ile ngozi. Akanishika mkono. "Mwache alale," akasema. "Nimekuja kutafuta mjukuu, kumbe ameshazaliwa."

Kesho yake asubuhi aliondoka na wale wale wafanyabiashara. Nilimsihi akae, nikamshika hata nguo. Akasema shamba linamngoja. Mbeleko hakuichukua. Alipofika nyumbani aliwaambia wazazi wa yule binti wasimngoje mwanawe, na sasa binti ameolewa na mtu mwingine.

Mnyama siku hizi analala juu ya majani. Nayachambua miiba, nayakung'uta viroboto, nayaanika juani mpaka yakauke vizuri, na nayabadilisha kila asubuhi. Ni mzima, amenenepa, hatetemeki. Kumbe kazi yenyewe ni hiyo tu! Ulikuwa uvivu wangu, ndugu zangu. Ningeweza kusema nilimwogopa yule bibi wa Kidachi, lakini yule alishatusahau sote wawili. Mluzi wenyewe sasa unanichoma. Kumtupa siwezi, kumpenda kama zamani siwezi.

Mbeleko nayo naipaka samli na kuisugua kila nikitoka kazini. Hailainiki.

Nilimtuma mfanyabiashara mmoja akaniombee radhi kwa mama. Aliporudi nilimkimbilia sokoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Hajambo, anapalilia."

"Amesemaje?"

Akajifanya anafunga mzigo wake. "Amekusalimu. Ameuliza kama yule mnyama analala vizuri."

"Na mimi?"

"Ameuliza hilo tu, ndugu yangu."

Ole wangu! Heri angenitukana.

Ninyi mlio mbali na kwenu, makarani, askari, wapagazi, upweke naujua unavyouma. Fugeni mnachotaka, hakuna ubaya. Lakini kitu ambacho mama yako amekuwekea mikononi, usikitumie kujipunguzia upweke wako, hata kwa siku moja, maana ile siku moja haina mwisho. Na ukishakosa, usidanganye. Mimi nilikuwa natafuta kiumbe mmoja tu atakayefurahi kuniona, na kiumbe huyo alitembea kwa miguu kutoka Kondoa mpaka mlangoni kwangu. Ruhusa yangu ya kwenda nyumbani imekaribia, nami naogopa kwenda.