Taa Nyekundu kwa Mama Mkwe

Wateja huingia kwa mlango wa vioo kununua nguo za majina makubwa, za msimu uliopita, kwa bei ya punguzo. Wafanyakazi hutokea nyuma, kwenye mapipa ya taka, na huko lazima wapite mikononi mwa mlinzi mwanamke asiyejua mchezo kazini. Kila anayetoka hubonyeza kitufe ukutani, na taa hujichagulia rangi kibahati tu. Taa ikiwaka kijani, nenda zako. Ikiwaka nyekundu unapekuliwa, hata uwe nani.

Mwaka huu jengo liliongezwa upande mpya, likawa kubwa maradufu. Wafanya usafi walibaki walewale; sijui wenye jengo walidhani sakafu itajipiga deki yenyewe. Mmoja wao ni mama mkwe wa huyu mlinzi, na mlinzi ndiye aliyemtafutia kazi.

Jioni moja ikasikika kwamba skafu ya hariri haionekani dukani. Msimamizi akaja kusimama mlangoni, mikono nyuma, kanuna.

Mama mkwe akabonyeza kitufe. Nyekundu.

Utampapasaje mama aliyemzaa mumeo, tena mbele za watu? Lakini msimamizi alikuwa amemkodolea mlinzi macho.

"Samahani, mama. Nyoosha mikono."

"Fanya kazi yako, mwanangu."

Mkobani mlikuwa na ndala na chupa ya maji. Mlinzi akampapasa mabegani, mbavuni, na alipofika kiunoni vidole vikagusa kitambaa kilichozungushwa chini ya gauni. Mama mkwe akabana pumzi, akamtazama kwa macho ya kuomba.

Akisema, mama anaishia polisi. Asiposema, na msimamizi akagundua, wamekwisha wote wawili.

"Hana kitu," akasema mlinzi.

Msimamizi alimtazama, akamtazama tena. "Haya, anayefuata!"

Nyumbani, mama mkwe alifunga mlango wa chumba, akamshika mikono. "Mungu akubariki. Wangejua mgongo wangu umekufa, wangeniachisha leo leo. Ule upande mpya umenimaliza." Akapandisha gauni. Kiunoni palikuwa na kipande cha shuka kuukuu, kimekazwa mpaka ngozi imechubuka. "Ila wewe! Ulinigusa tu ukajua ni mgongo?"

Mlinzi angeitikia tu, yangeisha. Lakini aliona haya kupokea shukrani isiyo yake.

"Sikujua, mama. Nilidhani ni ile skafu."

Mama mkwe akamwachia mikono, taratibu.

"Miaka yote tunakula sahani moja," akasema, "na ulichonifikiria kwanza ni wizi."

Hakugomba. Aligeukia ukutani, akaanza kujifungua lile shuka, akiguna kwa maumivu. Mlinzi akanyoosha mkono amsaidie.

"Acha," akaambiwa. "Umeshanipekua."