Majaribio Yasiyoijua Wiki ya Bi Mwanasha

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kompyuta nilipewa kitambaa cha kupangusia skrini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, nikapakia malori Mackinnon Road, nikauza nazi Msambweni, na kila mahali nilichoka mara nilipokwisha kuielewa kazi. Hii ya Ukunda sikumaliza kuielewa, ndiyo maana nikakaa nayo mpaka nikastaafu.

Ofisi yetu ndogo ilitengeneza programu ya kupanga vyumba vya hoteli. Mkuu wa Programu, bwana mmoja wa bara, aliona ninavyochungulia kazi za wengine, akanifundisha kuandika majaribio: vijiprogramu vifupi, kila kimoja kikipima kipande kimoja cha programu kubwa. Kipande kikijibu sawasawa, skrini hutoa mstari wa kijani; kikikosea, mwekundu. Hatukuikabidhi hoteli programu kabla ya mistari yote kuwa kijani kwenye mashine ya hoteli yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipelekwa hoteli moja ya Diani. Mapokezi yalikuwa mikononi mwa Bi Mwanasha, mwenyeji wa Kinondo, aliyepandishwa kutoka chumba cha dobi. Meneja hakuamini kwamba mama wa makamo angeiweza kompyuta. Alisema wazi, mbele yake, kwamba makabidhiano yakikwama atamrudisha kwenye mashuka.

Yakakwama. Ofisini majaribio yote yalikuwa kijani. Kwenye mashine ya Bi Mwanasha, yale ya hesabu ya wiki yakawa mekundu. Meneja akamtazama yeye, si mashine.

Nikachunguza. Programu ilimruhusu kila mtumiaji kuchagua atakavyo: rangi, lugha, siku ya kuanzia wiki. Machaguo hayo, tuliyoyaita mapendeleo, yalihifadhiwa katika faili yake. Mkuu alianza wiki yake Jumatatu, kama ofisi nyingi. Bi Mwanasha alikuwa amechagua Jumamosi.

Nikampigia simu Mkuu. Alipofika alimwamkia Bi Mwanasha kwa heshima, kisha akamwomba aweke Jumatatu kwa muda tu, mistari ipate kuwa kijani.

"Kwani Mama, wiki ya huku ina siku ngapi?" akamtania.

"Saba kama za kwenu, baba. Ila sisi twaanza na mosi. Nyinyi mwaanza na tatu, hizo mbili mwazipeleka wapi?"

Meneja hakucheka. Mimi nikasema programu haikukosea: ilihesabu wiki ya Bi Mwanasha kama alivyoagiza. Kosa lilikuwa la majaribio yetu. Yalisoma mapendeleo yoyote yaliyokuwa kwenye mashine, na ofisini yalifaulu kwa sababu tu yalikuta ya Mkuu. Tukimbadilishia huyu siku yake, kesho mwenye zamu nyingine atachagua lake, nasi tutarudi hapa hapa.

Mkuu akaisoma tena mistari mekundu. "Haya, yarekebishe. Lakini yote, si yale mekundu peke yake. Sitaki hata moja linalojua nani ameketi kwenye kiti hiki."

Agizo hilo sikulisahau. Nilipitia jaribio moja baada ya jingine. Kila moja nililipatia mapendeleo yake lenyewe, yaliyoandikwa ndani yake na kufutika likiisha; faili ya mtumiaji haisomwi wala haiandikwi. Hesabu ya wiki nikaipima kwa Jumatatu, kisha nikaongeza jaribio la Jumamosi. Halafu, kusudi, nikayavuruga mapendeleo yangu mwenyewe: lugha ya Kijerumani, wiki ianze Jumatano. Nikayaendesha majaribio. Kijani. Nikahamia mashine ya mapokezi.

"Usiiguse Jumamosi yangu," Bi Mwanasha akaniambia.

"Siigusi, Bi. Hata siisomi."

Yalipita yote. Meneja akatia saini, naye Bi Mwanasha akabaki mapokezi, wiki yake kwenye skrini ikiwa vile vile alivyoipanga.

Baadaye nilihamishiwa Matuga, nikawa mkuu wa majaribio. Vijana walioletwa kwangu niliwaanzishia hapo: fungua jaribio, uniambie limekopa nini kwa mwenye mashine. Wengine walisema huo ni ukaidi. Ni ukaidi, kweli, na sikuuacha.

Sasa nimestaafu, naishi Kinondo. Kwenye kompyuta yangu wiki inaanza Jumamosi. Hakuna jaribio hata moja nililoliandika linalojua hilo.