Mokami Alivyomwacha Robhi

Mokami wa Gorong'a alizika watoto wawili kabla hajafikisha miaka ishirini na mitano, na baada ya hapo hakushika mimba tena. Mumewe, Nyamhanga, hakumfukuza. Alipokufa kwa ugonjwa wa kifua alimwachia ng'ombe wanane na boma lisilo na mtoto hata mmoja. Mokami akakaa hivyo miaka mitatu. Kisha akafanya wanachofanya wanawake wa Kikurya tangu zamani mrithi anapokosekana: akatoa ng'ombe, akaoa. Kwao ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Aliyemwoa ni binti wa Itiryo aitwaye Robhi, ili azae na mwanamume wa nje, watoto wahesabiwe kwa jina la marehemu.

Watu wa mbali wakisikia habari hizo hucheka. Bomani kwa Mokami hakukuwa na la kuchekesha. Robhi alimwita mama. Walilima pamoja, wakala chungu kimoja, na Mokami hakuwahi kumwinulia mkono. Akazaliwa Neema, akafuata Wankuru, na Mokami alipokwisha kukata tamaa akazaliwa mtoto wa kiume. Wakamwita Joel Nyamhanga. Siku hiyo Mokami alikaa kizingitini akalia hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Mwaka uleule mvua za vuli hazikuonekana. Ng'ombe wawili waliokuwa wamesalia wakafa kwa ndigana. Masika yakanyesha kidogo, mahindi yakafika kiunoni, ndipo tembo wakavuka kutoka hifadhini. Asubuhi Mokami alikuta shamba zima limelala chini, na hata mihogo imeng'olewa. Alisimama pale na jembe begani, kisha akarudi nyumbani. Baadaye walijaza fomu za kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, wakaambiwa wasubiri.

Kufikia mwezi wa saba walikuwa wanaishi kwa mboga za porini zilizochemshwa kwa chumvi. Maziwa ya Robhi yakakauka. Joel, aliyekuwa na miezi minane, akaacha kulia. Usumbufu wa kilio chake Mokami aliuzoea. Ukimya wake ndio uliomtia hofu, kwa sababu wanawe wawili aliowazika nao walianza kwa kunyamaza.

Wiki hiyo akafika Vincent, mwinjilisti kutoka Nyamwaga, na pikipiki yake na daftari kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Hatuna kitu cha kukukaribishia."

Vincent aliketi kwenye gogo akawasomea Zaburi, kisha akamwekea Joel mkono kichwani akaomba. Alipomaliza aliwaambia kwamba kanisa linaleta lori la unga, maharage na uji wa lishe wa watoto, na yeye anaandika kaya zenye shida.

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu dada?"

"Mke wangu."

Kalamu ilisimama. Vincent mwenyewe alikuwa Mkurya, hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mtoto, akaandika.

Siku ya lori, Mokami na Robhi walisimama uani pa kanisa tangu alfajiri. Majina yalisomwa hadi ya mwisho, la kwao halikuwamo. Mzee Method, mwenyekiti wa kamati ya misaada, hakuwafokea. Aliwaeleza taratibu kwamba chakula kilichokuja hakitoshi nusu ya watu walioandikwa, na kwa kuwa lazima wapunguze, kamati ilikubaliana kuziweka kando kwanza nyumba za ndoa ambazo kanisa haliwezi kuzibariki.

"Mtoto naye amefunga ndoa?" Mokami aliuliza.

Mzee Method aliinamia karatasi zake.

Vincent aliwafuata njiani, pikipiki anaikokota. Alisema amebishana na wazee akashindwa. Ipo njia moja tu. Mokami akisimama kanisani Jumapili na kumwacha Robhi mbele ya watu, Robhi ataandikwa kama mama asiye na mume, na unga atapewa siku hiyohiyo.

"Na wewe unaona ni haki?" Mokami alimuuliza.

"Mimi naona mtoto atakufa, mama."

Nyumbani Robhi hakutaka kusikia. "Mama, baba yangu akijua umeniacha atanioza tena. Unamjua."

"Namjua."

"Basi tusiende. Joel atapona."

Mokami alimchukua Joel akamweka kwenye mapaja. Shingo ya mtoto ilianguka upande, macho wazi. Alimshika hivyo muda mrefu, akihesabu pumzi zake, kisha akamrudishia mama yake. "Hatapona kwa mboga za porini," akasema.

Jumapili alivaa kitenge alichovaa siku alipomzika mumewe, kwa kuwa ndicho pekee kisicho na viraka. Mchungaji alipomwita alikwenda mbele akashika ukingo wa meza. Aliyasema maneno aliyofundishwa: kwamba ameacha mila, kwamba Robhi si mke wake tena, kwamba hamdai ng'ombe. Watu wakapiga makofi na kuimba. Wapo waliomkumbatia kwa upendo wa kweli. Hilo alilijua hata baadaye, alipokuwa na uchungu wa kumchukia kila mtu. Robhi alikuwa amekaa nyuma, kafunika uso wa mtoto kwa khanga. Walirudi na gunia la unga na pakiti za uji wa lishe.

Siku ya nne Joel alilia, kilio kikubwa cha hasira. Neema na Wankuru wakacheka, Robhi akacheka pia. Mokami alitoka nje, akasimama nyuma ya zizi tupu, akamshukuru Mungu kwa Kikurya, kwa kuwa maombi ya Kiswahili bado hayajamkaa mdomoni.

Haikupita wiki mbili, Rubeni, baba yake Robhi, akaja kutoka Itiryo na wanaume wawili wa ukoo. Habari za kanisani zilikuwa zimemfikia. Hakutaka hata kuketi.

"Umemwacha mbele ya watu," alisema. "Kuna mtu upande wa Sirari yuko tayari kumwoa. Mabinti wawili ni wako, ulishawatolea ng'ombe. Huyu anyonyaye anakwenda na mama yake. Akiacha ziwa tutaongea."

"Joel ni wa Nyamhanga," Mokami alisema.

"Nyamhanga alikufa. Na wewe umesema mwenyewe kwamba hizo ni mila ulizoacha."

Mokami alimtuma Neema akamwite Vincent, aliyekuwa akifundisha katekisimu kwa jirani. Vincent alikuja anahema, akamsihi Rubeni kwa jina la Bwana, akasema Robhi ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Rubeni akamwambia asimfundishe kutunza binti yake. Mmoja wa wanaume wale alikuwa ameshamshika Robhi mkono wa juu. Robhi alimtazama Mokami, akingoja neno. Mokami alifungua kinywa, likamjia lile alilolisema mbele ya mchungaji, akanyamaza.

Walishuka na Robhi bondeni. Joel alilia mgongoni kwa mama yake, kwa nguvu, hadi walipopinda kwenye migomba na sauti ikapotea.

Vincent alikwenda Itiryo mara mbili. Mara ya pili alikuta Robhi ameshapelekwa, na hakuna aliyetaka kumwambia kijiji. Alipoleta habari hizo alibaki amesimama uani.

"Nisamehe, mama."

"Nikikusamehe utanirudishia nani?" Mokami aliuliza, bila ukali. Akampa kiti.

Lori la pili halikuja. Gunia lilipokwisha, Mokami alianza kwenda kulima vibarua Nyamwaga, yeye mwenye miaka sitini na saba. Wenye mashamba hawampi zaidi ya debe la mihogo kwa juma, maana hamalizi kipande. Jumapili haendi kanisani, ingawa hajasema kwamba ameacha. Wankuru ameanza kuvimba miguu. Neema aliwahi kumuuliza Mokami ni lini mama yao atarudi, naye akamwambia achochee moto, maji yasije yakapoa kabla mboga haijaiva.